Wageni Wamo, Lakini Hawatoki

Ilikuwa Agosti, Jambiani, saa za maji kupwa. Wanawake wa mwani walikuwa wameanza kurudi na magunia yao, na pembeni mwa njia ya kuteremkia pwani palikuwa na mama aliyetandika mkeka wa sabuni za mwani na chupa za mafuta ya nazi. Nilimuuliza hali ya biashara. Akaniambia wageni wamo, tena wamejaa, ila hawatoki.

Wakati huohuo redio ilikuwa inatangaza kwamba watalii wameongezeka. Mama yule hakukosea, na taarifa ya redio haikukosea pia. Kila mmoja alikuwa anahesabu kitu chake, na tangu siku hiyo kila nikifungua jedwali la utalii la Zanzibar namkumbuka.

Tuanze na hesabu ya redio. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar hutoa kila mwezi idadi ya wageni wa kimataifa walioingia visiwani. Mwaka 2024 waliingia 736,755. Sensa ya 2022 ilihesabu wakaazi 1,889,773 wa Unguja na Pemba, kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja kila wenyeji watano walipokea wageni wawili hivi. Mwaka 1985, bei ya karafuu ilipokuwa imeporomoka na serikali ikaanza kufungua milango ya biashara, wageni hawakufika 20,000. Ni mwendo mrefu, na mtu aliyeuona ana haki ya kuustaajabia.

Hesabu hiyo hufanyika mlangoni: uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume na bandari ya Malindi. Kwa kanuni za kimataifa, mtalii ni mtu aliyelala angalau usiku mmoja nje ya makazi yake ya kawaida, kwa muda usiofika mwaka, na ambaye hakuja kuajiriwa. Anayeshuka melini asubuhi, akazunguka Mji Mkongwe na kupanda tena jioni, ni mgeni wa siku tu. Mtanzania wa Bara anayevuka kwa boti kwenda kupumzika Nungwi hayumo kabisa katika jedwali hili la wageni wa kimataifa, hata kama amelipa chumba, amekula pweza na amenunua kikoi. Na aliyemo, awe Mpoland aliyekaa Kiwengwa usiku kumi na nne au kijana aliyetoka safari ya Serengeti akalala Paje usiku mbili, kila mmoja ni kichwa kimoja. Hapo ndipo penye tatizo, na nitarudi hapo.

Kwanza asilimia, kwa sababu ndizo zinazopotosha watu wengi. Mwaka 2019 waliingia wageni 538,264. Mwaka 2020, mwaka wa korona, wakashuka hadi 260,644, yaani zaidi ya nusu walipotea. Mwaka 2021 wakawa 394,185, na magazeti yakaandika ongezeko la asilimia 51. Ongezeko lilikuwa la kweli. Lakini ukishaanguka kwa asilimia 52, kupanda kwa asilimia 51 hakukurudishi ulipokuwa. Unahitaji kupanda kwa zaidi ya asilimia 100. Mwishoni mwa 2021 Zanzibar ilikuwa bado imepungukiwa na zaidi ya robo ya wageni wa 2019. Ilipofika 2022 wakawa 548,503, na kwa macho ya haraka hilo ni ongezeko jingine kubwa la asilimia 39. Ukipima na 2019, kisiwa kilikuwa kimejongea mbele kwa asilimia mbili tu.

Baada ya hapo ndipo mwendo wenyewe ulipoonekana: 638,498 mwaka 2023, na idadi niliyoitaja ya 2024. Ukichukua 2019 na 2024 na kuliacha lile shimo la katikati, ongezeko ni kama asilimia 37 kwa miaka mitano, au wastani wa asilimia 6 na nusu kwa mwaka. Huo ni ukuaji mzuri sana kwa kisiwa chochote, na ndiyo namba ambayo ningeitumia kupanga barabara, mabomba na shule za hoteli. Anayepanga kwa kutumia asilimia 51 atajenga vyumba visivyo na wa kulala.

Miaka ile ya korona ilitufundisha jambo jingine pia. Nchi nyingi zilipokuwa bado zimefunga mipaka, Zanzibar ilikuwa imeshaanza tena kupokea wageni, na ndege za kukodiwa kutoka Urusi na Ukraine zikajaza hoteli za kaskazini na mashariki. Warusi wakawa miongoni mwa makundi makubwa kabisa, mahali ambapo kwa miaka mingi Waitaliano ndio waliotangulia. Kisha Februari 2022 vita kati ya nchi hizo mbili vikaanza, na ndege zile zikakatika kwa ghafla. Idadi ya jumla inaweza kupanda huku soko moja zima limeanguka chini yake, na mfanyakazi wa hoteli aliyejifunza Kirusi kwa miezi kumi na minane anajua hilo kuliko mimi.

Sasa msimu. Neno lenyewe tumelichukua kwa Waarabu, waliolitumia kwa wakati wa pepo za kuja na kurudi. Majahazi ya Oman na Ghuba yaliteremka na kaskazi na kuondoka na kusi. Wageni wa leo hufuata likizo za shule na baridi ya kwao, isipokuwa wale wa Paje wanaovutwa na tiara juu ya maji, ambao bado huulizia kusi na kaskazi kama manahodha. Vilele ni viwili: Julai na Agosti, kisha mwisho wa Disemba na Januari. Bonde ni masika, Aprili na Mei, ambapo baadhi ya hoteli hufunga na vijana hurudi makwao bila mshahara.

Kwa sababu hiyo, kulinganisha Agosti na Mei hakuna maana. Agosti hulinganishwa na Agosti ya mwaka uliopita. Hata hapo kuna mtego. Pasaka ya 2023 iliangukia 9 Aprili, ya 2024 ikawa 31 Machi, ya 2025 ikarudi 20 Aprili. Wageni wa Ulaya hufuata Pasaka, basi Machi ya mwaka mmoja huonekana imepanda na Aprili imeshuka, na hakuna kilichobadilika ila kalenda. Ramadhani nayo husogea siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Ukisikia mwezi mmoja umepanda au umeshuka, uliza kwanza sikukuu zilikuwa wapi.

Tukifika kwenye pesa, hesabu inabadilika sura. Hakuna mlango wa kuhesabia matumizi. Tangu 2001 Tanzania hufanya utafiti wa watalii wanaoondoka, unaoziunganisha Benki Kuu, Wizara ya Maliasili na Utalii, Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Uhamiaji, na kwa upande wa Zanzibar Kamisheni ya Utalii na ofisi ya Mtakwimu Mkuu. Mdadisi humfuata mgeni akisubiri ndege, begi limekwisha kwenda, na kumwomba akumbuke: alikuja kwa pakeji au kwa mpango wake mwenyewe, alilala usiku ngapi, alitumia kiasi gani na kwa nini.

Majibu hugawanywa makundi mawili, wa pakeji na wasio wa pakeji. Kila kundi hutafutiwa wastani wa matumizi ya mtu mmoja kwa usiku mmoja, huzidishwa kwa idadi ya watu na kwa usiku waliokaa, kisha jumla mbili hizo huunganishwa. Ndiyo mapato ya utalii yanayotangazwa. Angalia vizuri: idadi ya vichwa ni mkono mmoja tu wa hesabu hii. Wageni wakiongezeka kwa asilimia 15 na siku za kukaa zikipungua kwa asilimia 13 hivi, mapato yanabaki palepale, na barabara ya uwanja wa ndege ndiyo pekee iliyopata foleni zaidi.

Kundi la pakeji lina marekebisho yake, na hapa naomba msomaji avumilie, maana ndipo jibu la mama wa Jambiani lilipo. Chukua mfano wa kubuni. Mtu analipa dola 1,500 kwa wakala mjini Milano kwa usiku saba, chakula na vinywaji vyote ndani. Tuseme 600 ni nauli ya ndege ya kigeni na 250 ni za wakala. Hizo 850 hazikuvuka bahari kabisa, na utafiti unazitoa. Zinabaki 650 zilizoingia hotelini, na hizo ndizo zinazoandikwa kama matumizi ya mgeni nchini.

Lakini hesabu ya mwananchi haijaisha. Katika 650 kuna mvinyo, jibini na nyama vilivyotoka nje, kuna mboga zilizotoka Bara kwa boti, kuna riba ya mkopo wa benki ya ng'ambo na faida ya mwenye hoteli anayeishi kwao. Kilichobaki ni mishahara, samaki, umeme, maji na kodi. Kiasi hicho ndicho kinacholala kisiwani, na hakuna jedwali la kila mwezi linalokionyesha.

Mlinganishe na mgeni wa pili, aliyejipangia mwenyewe. Analala nyumba ya wageni Jambiani, anakula kwa mama ntilie, anakodi baiskeli, ananunua sabuni ya mwani. Tuseme hutumia dola 70 kwa siku, 490 kwa usiku saba. Ni chini ya theluthi ya alicholipa mwenzake, na bado inawezekana kabisa akawa ameacha zaidi kijijini. Yule wa kwanza ndiye aliyejaa bila kutoka: ameshalipia kila tonge, kwa nini avuke lango kwenda kununua jingine?

Sisemi hoteli kubwa zifungwe. Zinatoa ajira za kudumu na michango ya hifadhi ya jamii, na vitabu vyao vya kodi vinakagulika. Nyumba ndogo za wageni mara nyingi hazina hata risiti. Hoteli moja ikiamua kununua mboga Makunduchi badala ya kuzisubiri bandarini, inaweza kugeuza maisha ya wakulima mia. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa aina hiyo hauonekani popote katika idadi ya vichwa, na kisichoonekana hakipangiwi.

Kuna gharama pia zinazopimwa kwa usiku. Mtafiti Stefan Gössling, katika uchunguzi uliochapishwa 2001 kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja, alikadiria kwamba mtalii mmoja alitumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku, bustani na bwawa la kuogelea vikiwemo. Zidisha kwa usiku saba, kisha uende Bwejuu au Matemwe ukaulize kisima cha kijiji kina chumvi kiasi gani.

Pemba napita haraka, si kwa kuidharau bali kwa sababu jumla ya Zanzibar haisemi lolote juu yake. Kilele cha Agosti ni cha Unguja, na ndani ya Unguja ni cha ukanda wa pwani. Mtu wa Wete anayesikia kwamba wageni wamevunja rekodi anasikia habari za jirani.

Oktoba 2024 Zanzibar ilianza kudai bima ya lazima ya dola 44 kwa kila mgeni mtu mzima. Anayekaa usiku mbili na anayekaa kumi na nne hulipa sawa. Maldives wao wana kodi ya mazingira inayotozwa kwa kila usiku. Sitaki kulinganisha bima na kodi, ni vitu viwili, lakini chombo cha kutozea hufundisha serikali kitu cha kutazama: ukitoza kwa kichwa utafurahia vichwa, ukitoza kwa usiku utaanza kuuliza kwa nini mgeni ameondoka mapema.

Morisi, kisiwa cha bahari hiihii yetu, ofisi yao ya takwimu hutoa idadi ya wageni, jumla ya usiku waliolala na mapato ya utalii katika taarifa moja, ili msomaji aone vyote vitatu vikienda pamoja au vikiachana. Kwetu kichwa hutangazwa mwezi huu, na mengine husubiri ripoti ambayo redio haitaisoma.

Data yenyewe haiko mbali. Hoteli iliyosajiliwa huandika nani amelala na usiku ngapi, na ushuru hutozwa kwenye bili na kupelekwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Kuzigawa kwa wilaya na kuziweka kando ya idadi ya uwanja wa ndege ni kazi ya mezani. Jedwali la Agosti lingekuwa na safu ya Kusini, safu ya Kaskazini A, safu ya Micheweni, usiku waliolala kila mahali na fedha iliyolipwa. Safu ninayoitamani zaidi ni ile ya matumizi nje ya lango la hoteli, na hiyo ingeanza na swali moja tu la kuongeza kwenye dodoso la mdadisi pale uwanjani: katika siku zako zote hapa, ulitoka mara ngapi?