Kuvuja kwa Damu Tumboni

Mtu aliyejikata kwa panga huiona damu yake, na walio karibu hukimbilia kitambaa cha kumfunga. Damu ivujayo ndani ya njia ya chakula haionekani hivyo. Yaweza kupotea kwa saa nyingi, hata siku kadhaa, bila mgonjwa kuhisi maumivu, na aghalabu habari yake ya kwanza hupatikana chooni.

Rangi ya choo hicho ina maana. Damu itokayo katika umio, mfuko wa tumbo au mwanzo wa utumbo mwembamba hukutana na asidi na vimeng'enya, kisha na bakteria wa utumboni. Hemoglobini, ile kemikali yenye chuma iipayo damu wekundu wake, huvunjwa na kugeuka hematini, ambayo ni nyeusi. Mgonjwa hupata choo cheusi kama lami, chenye kunata na harufu mbaya isiyo ya kawaida. Mililita 50 hadi 100 tu, yaani chini ya nusu kikombe cha chai, hutosha kuleta rangi hiyo. Damu iliyokaa tumboni ikitapikwa hufanana na mashapo ya kahawa. Ikitapikwa mbichi huwa nyekundu. Wekundu katika choo kwa kawaida hutoka sehemu za chini, kama vile kwenye bawasiri, ingawa mvujo mkubwa wa juu waweza kupita mbio usipate muda wa kubadilika. Vidonge vya madini ya chuma wapewavyo wajawazito navyo huleta weusi, ila choo hicho hakinati wala hakina harufu ile.

Chanzo kijulikanacho zaidi ni vidonda vya tumbo. Vilidhaniwa kuletwa na wasiwasi na pilipili, mpaka mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, huko Perth, Australia, walipofaulu kumwotesha maabarani bakteria aitwaye leo Helicobacter pylori. Aspirini na diklofenaki, zinywewazo kiholela kwa maumivu ya viungo, nazo huchubua ukuta wa tumbo.

Kandokando ya Ziwa Viktoria kipo chanzo kingine: kichocho cha matumbo. Minyoo yake hukaa katika vena za utumbo, na baadhi ya mayai, badala ya kutoka na choo, huchukuliwa na damu hadi kwenye ini. Huko makovu huota kuzunguka matawi ya vena iletayo damu kutoka matumboni. Kama mto uliozibwa, damu hutafuta njia za pembeni, mojawapo ikiwa vena nyembamba za umio. Vena hizo hazikuumbwa kwa shinikizo hilo. Huvimba na hatimaye zaweza kupasuka. Mvuvi aliyevuta nyavu asubuhi hutapika damu jioni, na wapo watakaosema amelishwa sumu au amerogwa, huku saa za kumwokoa zikipita. Bandama iliyovimba chini ya mbavu za kushoto ingaliweza kumtahadharisha mganga mapema.

Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Apotezapo hadi mililita 750, mwili hujifidia. Zaidi ya hapo moyo huenda mbio, kupita mapigo 100 kwa dakika, na mgonjwa huona kizunguzungu asimamapo. Akipoteza zaidi ya lita 1.5, shinikizo la damu hushuka, ngozi huwa baridi yenye jasho na fahamu huvurugika. Hapa pana mtego: kipimo cha kwanza cha hemoglobini chaweza kuwa cha kawaida kabisa. Kipimo hicho huonyesha gramu zilizomo katika kila desilita, si wingi wa damu yote. Ukimwaga nusu ya ndoo ya maji ya sukari, yaliyobaki hayapungui utamu. Hemoglobini hushuka baadaye, maji ya mwilini au ya dripu yanapoingia mishipani kujaza pengo. Hivyo basi mapigo ya moyo huaminika kabla ya maabara.

Mgonjwa hulazwa kwa ubavu, hapewi chakula wala maziwa, naye hukimbizwa hospitali. Huko huwekewa dripu kwa sindano nene na damu yake hupimwa kundi. Kuongezewa damu nako kuna kiasi chake. Jaribio la Barcelona lililochapishwa mwaka 2013 halikuwahusisha waliokuwa wakivuja kwa kasi kubwa mno. Kwa wengine, walioongezewa hemoglobini iliposhuka chini ya gramu 7 kwa desilita walinusurika zaidi kuliko walioongezewa iliposhuka chini ya 9. Damu nyingi mno hupandisha tena shinikizo katika vena zilizopasuka. Kisha, ikiwezekana ndani ya saa 24, mrija wenye taa na kamera hupitishwa kinywani: kidonda hudungwa dawa, huchomwa au hubanwa, na vena zilizovimba hufungwa kwa vipira.

Kwa mgonjwa wa kichocho kazi haijaisha. Prazikwanteli huua minyoo, lakini makovu ya ini yaliyokomaa huweza kubaki. Kwa hiyo hupewa propranololi ya kupunguza shinikizo, na umio wake hutazamwa tena na tena.