Mzizi, Jani na Jina: Kilimo na Matumizi ya Withania katika Maeneo Makavu

Ikisiri

Makala hii inafafanua kilimo na matumizi ya Withania somnifera, kichaka cha familia ya mnavu kinachoota katika maeneo makavu ya Afrika, Arabuni na Bara Hindi. Hoja kuu ni kwamba mmea huu hauwezi kulimwa kwa faida wala kutumiwa kwa usalama iwapo maelezo yake ya Kiswahili hayabainishi mambo mawili: ni mmea upi unaozungumziwa, na ni sehemu ipi ya mmea huo. Makala inaeleza namna ya kuutofautisha na jamaa zake, inapima majina yanayotumika, kisha inajadili shamba, mavuno na tahadhari za kiafya.

1.0 Utangulizi

Katika maduka ya dawa ya miji ya Afrika Mashariki siku hizi huuzwa vidonge na unga wenye jina la ashwagandha. Jina hilo limetokana na Kisanskriti: ashva ni farasi, na gandha ni harufu. Mzizi mbichi wa mmea huo una harufu kali iliyofananishwa na ya farasi, na katika tiba ya jadi ya Bara Hindi, yaani Ayurveda, umetumika tangu kale kama dawa ya kurudisha nguvu. Kwa kuwa bidhaa inafika kwetu ikiwa na jina la Kihindi, ni rahisi kwa mnunuzi kudhani kwamba mmea wenyewe ni wa Kihindi.

Sivyo. Withania ni mmea wa asili wa nyanda kavu za Kenya, Tanzania na Uganda, kama ulivyo wa Ethiopia, Sudan, Misri na kusini mwa Afrika. Wafugaji wanaufahamu, kwa Kimaasai hutajwa kwa jina la olesayiet, ingawa tahajia zake hutofautiana. Mtu anaweza basi kununua kwa bei ghali, katika chupa iliyovuka bahari, unga wa mzizi ambao mbuzi wake wanaupita malishoni kila siku. Hata hivyo, kutokana na hilo haifai kuharakia ushauri wa kwenda kung'oa. Kati ya kichaka cha porini na dawa kuna masafa, na sehemu kubwa ya masafa hayo ni ya lugha.

2.0 Mmea na jamaa zake

Withania ni kichaka kifupi, aghalabu cha sentimita 30 hadi 150. Shina na majani yake yamefunikwa na vinyweleo vyenye umbo la nyota vinavyoupa mmea rangi ya kijivu, hasa sehemu changa. Maua ni madogo, ya kijani kinachoelekea manjano, nayo hujibana kwenye makwapa ya majani hata mpita njia asiyaone. Tunda ni dogo kuliko punje ya njegere au linalolingana nayo, jekundu au la rangi ya chungwa likiiva, nalo hukaa ndani ya kifuko chembamba mithili ya karatasi.

Kifuko hicho ndicho alama ya kwanza ya kushika. Familia ya mnavu ni kubwa na imejaa ndugu wasiofanana tabia: humo mna nyanya, viazi mviringo, biringanya, pilipili na tumbaku; humo pia mna mnanaha, ambao sumu yake inajulikana. Mnavu unaoliwa kama mboga una aina yenye matunda meusi na aina yenye matunda ya rangi ya chungwa. Hii ya pili inaweza kumchanganya mchumaji, lakini matunda ya mnavu huning'inia wazi, hayana kifuko. Mtunguja, ambao matunda yake huitwa pia ndulele, una miiba na matunda makubwa ya manjano. Jamaa anayehitaji uangalifu zaidi ni Physalis, ile inayoitwa entuntunu kwa Kiganda, ambayo watoto huila kwa furaha. Nayo imevishwa kifuko cha karatasi. Tofauti ni kwamba tunda la entuntunu ni kubwa zaidi na huwa la manjano likiiva, ilhali la withania ni dogo na jekundu. Mtoto aliyefundishwa kwamba "chenye kifuko huliwa" amefundishwa nusu ya somo. Waarabu wa Misri wameliweka onyo hilo katika jina lenyewe: huuita mmea huu sumu ya vifaranga.

Kukosea si kwa watoto peke yao. Katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, mlikuwa na kola ya maua na matunda iliyowekwa juu ya jeneza la ndani. Vijitunda vyekundu vilivyoshonwa kwenye kola hiyo kwanza vilitambuliwa kuwa vya mnavu wa Ulaya. Baadaye ndipo wataalamu wa mimea walipovitambua kuwa vya withania. Carl Linnaeus naye, alipouorodhesha mmea huu mwaka 1753, aliuweka pamoja na Physalis na kuupa sifa ya somnifera, yaani uletao usingizi. Uliwekwa katika jenasi ya Withania mwaka 1852 na Michel Félix Dunal.

3.0 Tuuiteje?

Majina matatu yanashindana katika maandishi na mazungumzo. La kwanza, "ginsengi ya Kihindi", ni la wafanyabiashara, na kwa maoni yangu halifai kabisa. Ginsengi ni ya familia nyingine, haina undugu na mnavu, na msomaji anayelipokea jina hilo hupokea pamoja nalo sifa na kipimo cha dawa isiyo hii. La pili ni kuuita mmea kwa neno la jumla kama mnavu mwitu au mtunguja pori. Hilo ni la hatari zaidi, kwa kuwa linaufungulia mmea mlango wa jikoni.

La tatu ni ashwaganda, kwa tahajia ya Kiswahili. Hili linatambulika sokoni, nalo linakubali kuingia katika ngeli zetu: mwashwaganda, miashwaganda. (Wapo watakaosikia ndani yake kitenzi kuwashwa, masikio yatazoea.) Lakini hapa sarufi yetu inatutegea mtego ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Kiswahili kinapotenga mti na zao lake kwa kubadili ngeli, zao hilo kwa kawaida huwa tunda: mnazi na nazi, mwembe na embe, mtunguja na tunguja. Tukisema mwashwaganda na ashwaganda bila maelezo zaidi, msikilizaji mwenye lugha yake barabara atatafuta tunda. Dawa iliyokusudiwa ni mzizi. Tuna mfano wa muhogo, ambao mmea na mzizi wake hushiriki jina moja, lakini huo ni mfano wa pekee, na umetulia kwa sababu kila nyumba inaujua muhogo.

Pendekezo langu ni dogo. Mmea uitwe mwashwaganda au withania, jina la Kilatini likiandikwa pembeni, na zao lisitajwe kamwe bila sehemu yake: mzizi wa mwashwaganda, jani la mwashwaganda. Urefu wa istilahi hiyo ni bei ndogo, kama sehemu ya tano itakavyoonyesha.

4.0 Shambani

Kilimo kilichokomaa cha zao hili kiko India, hususan katika wilaya za Mandsaur na Neemuch za jimbo la Madhya Pradesh na katika sehemu za Rajasthan. Udongo unaopendelewa ni tifutifu ya kichanga au udongo mwekundu mwepesi, usiotuamisha maji, wenye pH ya 7.5 hadi 8. Mvua ya milimita 500 hadi 750 kwa mwaka inatosha. Mkulima aliyezoea mahindi hushangaa kuambiwa kwamba maji mengi ni adui, lakini ndivyo: shamba lililolowa huozesha miche, na mmea ulionyweshwa kupita kiasi hustawisha majani badala ya mzizi mnene.

Huko India mbegu hupandwa mvua ikiwa imekwisha kushika, mwishoni mwa Julai au Agosti. Mbegu ni ndogo sana. Huchanganywa na mchanga zikamwagwa, kilo 10 hadi 12 kwa hekta, au hukuzwa kitaluni kwa takriban kilo 5 kisha miche ikahamishwa. Baada ya siku 25 hadi 30 shamba hupunguziwa miche, ibaki 30 hadi 60 kwa mita moja ya mraba, na palizi hufanywa mapema, kabla vichaka havijafunika ardhi. Mbolea nyingi haihitajiki. Baada ya siku 150 hadi 180 majani hukauka na matunda huwa mekundu. Hapo mmea hung'olewa mzima.

Kalenda hiyo haiwezi kuhamishiwa kwetu kama ilivyo. Kanuni yake ndiyo ihamishwe: mmea uanze katika unyevu na umalizie katika ukavu. Dodoma, yenye msimu mmoja wa mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, kanuni hiyo inaelekeza kupanda karibu na Februari na kuvuna Julai au Agosti. Makueni, yenye misimu miwili, hesabu ni tofauti. Anayepanda Novemba ataangukia mvua za Machi na Aprili mizizi ikiwa karibu kukomaa. Anayepanda Aprili atavuna Septemba au Oktoba ardhi ikiwa kavu. Bahati njema ni kwamba mvua za vuli, zinazotegemewa zaidi huko kwa chakula, zinabaki kwa mahindi na kunde, na zao hili linachukua msimu ambao mkulima tayari anaushuku. Hata hivyo, busara ni kujaribu kipande kidogo kwanza.

Mavuno si ya kutajirisha: kilo 300 hadi 500 za mizizi mikavu kwa hekta, na kilo 50 hadi 75 za mbegu. Kwa hiyo faida imo katika kupanga madaraja. Mizizi hukatwa kutoka kwenye shina, huoshwa, hukatwa vipande vya sentimita 7 hadi 10 na kukaushwa mpaka unyevu ubaki asilimia 10 hadi 12. Daraja la juu ni mzizi wenye urefu wa sentimita 7 hivi na unene wa sentimita 1 hadi 1.5, ulionyooka, mweupe ndani, unaovunjika kwa mlio. Vipande vyembamba vyenye matawi hushuka daraja na bei.

Kuna sababu nyingine ya kulima badala ya kuchimba porini. Anayechuma jani huacha mmea. Anayetafuta mzizi huuua.

5.0 Matumizi na tahadhari

India, unga wa mzizi huchemshwa katika maziwa, pengine pamoja na asali au samli. Kemikali zinazotajwa zaidi ni withanolidi, mojawapo ikiwa withaferini A, iliyochunguzwa kwa undani tangu miaka ya 1960. Majaribio ya kitabibu, mengi yakiwa madogo na ya wiki chache, yameonyesha nafuu ya kiasi katika msongo wa mawazo na usingizi, kwa kawaida kwa miligramu 300 hadi 600 za dondoo la mzizi kwa siku. Hayo si madai ya kutibu kisukari wala saratani, na muuzaji anayeyanyoosha hadi huko anauza kitu kingine.

Jani lina habari yake. Kusini mwa Afrika hutumika kwa nje, likichanganywa na mafuta na kupakwa kwenye vidonda. Lakini jani lina withaferini A kwa wingi kuliko mzizi, na kemikali hiyo huua seli. Majani ni rahisi kupata na ni mengi, kwa hiyo husagwa na kuchanganywa katika unga unaouzwa kama wa mzizi. Mwaka 2021 wizara ya tiba za jadi ya India iliwashauri watengenezaji waache kutumia majani.

Mzizi wenyewe hauna kibali cha jumla. Mwaka 2020 zilichapishwa taarifa za wagonjwa wa Iceland na Marekani walioumia ini baada ya kutumia virutubisho vyenye mmea huu, na mwaka 2023 Denmark iliupiga marufuku, ikizingatia hofu juu ya homoni na mimba. Mjamzito asiutumie. Mwenye maradhi ya tezi ya shingo au ya ini, na anayetumia dawa za usingizi, amwone daktari kwanza. Atakayeona macho au mkojo vikigeuka rangi aache mara moja na aende hospitali.

Maonyo hayo yote yanamfikia mtu kwa njia ya maandishi ya kwenye chupa au pakiti. Pakiti ya Kiswahili iliyoandikwa "unga wa ashwaganda" tu haimwambii mama mjamzito lolote, wala haimwezeshi mkaguzi kumhoji mtengenezaji. Iliyoandikwa "unga wa mzizi wa mwashwaganda (Withania somnifera), hauna majani, usitumiwe na mjamzito" inaweza kupelekwa maabara na kuthibitishwa au kukanushwa.