Paka Alaye Sana na Kukonda: Jinsi ya Kuisoma Njaa ya Kisukari

Msafiri anayefuata barabara kuu kutoka Same kwenda Moshi hufika mji wa Mwanga, na kutoka hapo aweza kuipanda milima ya Upare ya Kaskazini hadi Ngujini. Huko, kama ilivyo katika vijiji vingi vya nchi yetu, paka hafugwi kwa ajili ya kuchezewa. Kazi yake ni kulinda chakula dhidi ya panya, na posho yake ni mabaki ya makande au ugali, na siku njema, kichwa cha samaki aliyevuliwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Paka wa namna hiyo ni nadra kunenepa.

Likizo moja nilimkuta shangazi yangu huko Ngujini akiwa na paka wa namna nyingine. Alikuwa dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka 10 hivi. Alikuwa amelelewa ndani ya nyumba ya ghorofa mjini Dar es Salaam hadi akafikia kilo 6 na nusu, kisha akaachiwa shangazi wenyewe walipohama. Nilipomwona alikuwa mifupa mitupu, naye alitembea kwa kukanyagia visigino vya miguu ya nyuma.

"Mwanangu," alisema shangazi, "huyu anakula kuliko mbwa, na maji anamaliza bakuli zima, lakini chakula hakimkai mwilini." Kisha akaongeza jambo lililonishtua: kila paka alipokojoa, sisimizi walikusanyika.

Makala haya yanaeleza kilichokuwa kikimpata paka huyo, na jinsi njaa na uzito wa mnyama mwenye kisukari unavyoweza kuongozwa. Yanawahusu wanafunzi wa baiolojia, kwa kuwa kanuni zake nyingi ni zile zile kwa binadamu.

Njaa katikati ya shibe

Chakula kikisagwa tumboni na katika utumbo, sehemu yake hugeuka kuwa sukari iitwayo glukosi na kuingia katika damu. Ili glukosi iingie kwa wingi katika seli za misuli na za mafuta, huhitajika homoni ya insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Insulini ikiwa haba, au seli zikiacha kuitikia, sukari hurundikana katika damu ilhali misuli inaikosa. Hali hii yafanana na ya mtu aliyesimama mbele ya ghala lililojaa, lakini hana ufunguo.

Mwili hufanya nini basi? Huanza kujila wenyewe. Misuli huvunjwavunjwa ili protini yake igeuzwe sukari, na mafuta huyeyushwa. Wakati huo huo ubongo hupata taarifa za upungufu. Insulini, pamoja na homoni ya leptini itokayo katika mafuta ya mwili, ni miongoni mwa ishara ambazo ubongo huzitumia kupima shibe. Ishara hizo zikififia, ubongo huamrisha mnyama atafute chakula. Kwa hiyo paka huyu hakuwa mlafi. Mwili wake ulikuwa na njaa kwelikweli.

Hesabu ya sisimizi

Figo zenye afya huirudisha sukari katika damu, lakini uwezo wake una kikomo. Kwa binadamu kikomo hicho ni kama milimoli 10 za glukosi katika lita 1 ya damu. Kwa paka ni kama milimoli 16. Ukivukwa, sukari hutoka na mkojo. Sukari huvuta maji, ndiyo maana mgonjwa hukojoa sana, na akikojoa sana hupata kiu. Waganga wa India ya kale waliugundua ugonjwa huu kwa njia ile ile aliyoitumia shangazi: waliona sisimizi wakiufuata mkojo mtamu.

Tufanye hesabu. Tuseme paka wa kilo 4 anahitaji kilokalori 220 kwa siku, na kwa siku hiyo anapoteza gramu 15 za glukosi katika mkojo. Kila gramu ina kilokalori 4, kwa hiyo amemwaga kilokalori 60, yaani zaidi ya robo ya mahitaji yake. Ukimwongezea ugali, unaongeza wanga. Wanga hugeuka glukosi, na glukosi hiyo nayo huishia kwa sisimizi.

Kwa nini paka?

Paka ni mla nyama halisi. Ini lake lina upungufu wa kimeng'enya kimojawapo ambacho kwa wanyama wengine husaidia kuikamata glukosi haraka baada ya mlo wa wanga. Aidha, kisukari cha paka wengi hufanana na kile cha binadamu wazima wanene: seli huwa zimekuwa sugu kwa insulini, na katika kongosho hujengeka mabaki ya protini yaitwayo amiloidi ambayo huziharibu seli zinazotengeneza homoni hiyo. Madume waliohasiwa, wanene, wanaoshinda ndani bila kuwinda, ndio walio katika hatari zaidi. Sukari nyingi yaweza kudhuru pia mishipa ya fahamu ya miguu, na hapo ndipo hutokea mwendo wa kukanyagia visigino.

Hata hivyo, si kila paka alaye na kukonda ana kisukari. Huenda ana minyoo, au, kwa paka mzee, tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Isitoshe, hofu peke yake yaweza kupandisha sukari ya paka, hivyo kipimo kimoja cha damu hakitoshi kukata shauri. Daktari wa mifugo hupima damu na mkojo pamoja.

Kumshindisha njaa si dawa

Kabla ya insulini kupatikana, madaktari walijaribu kuitibu njaa kwa njaa. Huko Marekani, katika miaka ya 1910, Dakta Frederick Allen aliwapa wagonjwa chakula kidogo mno. Sukari ilishuka na baadhi waliongezewa siku za kuishi, lakini walikonda vibaya. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, wakiwa Toronto, Kanada, walipata kutoka katika kongosho la mbwa maji yenye uwezo wa kushusha sukari. Januari 1922 kijana Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14 na uzito wa kilo 29 hivi, alidungwa dawa iliyotokana na kazi hiyo. Dawa ya kwanza haikuwa safi vya kutosha. Ya pili, iliyosafishwa na mwanakemia James Collip, ilimfaa.

Kwa paka, kushindishwa njaa kuna hatari ya pekee. Paka mnene akikosa chakula kwa siku chache tu, mafuta huhamia katika ini kwa wingi na kulidhoofisha, hata kumwua. Kwa hiyo paka mnene mwenye kisukari hupunguzwa polepole, kiasi cha nusu hadi asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki. Kwa paka wa kilo 6, hizo ni gramu 30 hadi 60. Paka aliyekwisha konda, kama yule wa shangazi, hapunguziwi chakula hata kidogo. Hulishwa vya kutosha hadi arudie uzito unaomfaa.

Chakula chenyewe kiwe cha protini nyingi na wanga kidogo: samaki, dagaa, nyama, yai. Ugali, makande na maziwa vipunguzwe, na vitunguu asipewe kamwe, kwa kuwa huharibu damu yake. Mabadiliko haya yafanywe kwa shauri la daktari, maana wanga ukipungua, huenda na insulini ikabidi ipunguzwe.

Njaa na mizani

Njaa peke yake haitoshi kumwongoza mfugaji. Yapasa isomwe pamoja na mizani. Mpime paka kila wiki, siku ile ile, akiwa ndani ya kikapu katika mizani ya dukani, kisha utoe uzito wa kikapu. Njaa ikipungua na uzito ukitulia au ukipanda taratibu, tiba inafaa. Njaa ikiendelea na uzito ukishuka, insulini haitoshi au kuna ugonjwa mwingine. Njaa ikiwa kali na uzito ukipanda upesi, yawezekana insulini imezidi. Paka akilegea, akiyumbayumba au akitetemeka, sukari imeshuka mno: mpake asali kwenye ufizi na umtafute daktari mara moja. Na paka mwenye kisukari aliyeacha kula kabisa ni mgonjwa mahututi, hata kama jana alikuwa akiomba chakula bila kukoma.

Shangazi mwenyewe ana kisukari, na hujidunga insulini kila siku. Chupa yake huihifadhi katika chungu kilichozungukwa na mchanga mbichi, ambao maji yake yanapogeuka mvuke huondoa joto. "Basi chupa hii itatutosha sisi wawili," aliniambia. Ilinibidi nimkatalie. Paka huanzishiwa kipimo kidogo sana, aghalabu uniti 1 kila baada ya saa 12, na kosa dogo la sindano laweza kumwua. Zaidi ya hayo, dawa aliyopimiwa mtu haigawanywi, kwa maana siku itakapopunguka atakayeumia ni yeye. Daktari wa mifugo alipothibitisha ugonjwa, paka aliandikiwa chupa yake na sindano zake. Baada ya miezi 3 alikuwa ametoka kilo 3.4 hadi kilo 4.1, na bakuli la maji halikumalizika tena. Si kila mfugaji aweza kuimudu gharama hiyo. Asiyeweza hana lawama akimwomba daktari amlaze mnyama bila maumivu, kuliko kumwacha akijila mwenyewe.

Kwa walimu na wanafunzi, somo halikomei kwa paka. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kutangazwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba watu wenye kisukari walikuwa chini ya asilimia 1. Tangu hapo ugonjwa umeongezeka sana nchini. Mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani mara kwa mara, anayekunywa maji bila kukata kiu, na anayekonda ingawa anakula, asidhaniwe kuwa mvivu au kuwa amelogwa. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo apimwe sukari. Kipimo chenyewe huchukua dakika chache na tone moja la damu.