Kamera ya Ulinzi Isiyotumia Waya katika Makazi ya Ngara na Biharamulo: Umeme, Mawimbi na Suala la Saa

1.0 Utangulizi

Katika matangazo ya biashara, kamera ya ulinzi ya nyumbani husifiwa kwanza kwa jambo moja, kwamba haitumii waya. Sifa hiyo ni kweli nusu. Waya ulioondolewa ni ule wa kupitishia picha. Waya wa umeme umebaki palepale, au nafasi yake imechukuliwa na betri ambayo nayo haina budi kuchajiwa. Makala haya yanafafanua namna mfumo wa aina hiyo unavyofungwa na kutumiwa katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Hoja inayoendelezwa ni kwamba faida ya kamera katika mazingira hayo hutegemea ubora wa lenzi kwa kiasi kidogo tu. Hutegemea zaidi mambo ambayo fundi huyapita haraka siku ya kufunga: chanzo cha umeme, njia ya mawimbi na, zaidi ya yote, saa inayoandikwa pembeni mwa picha.

Haja ya ulinzi katika eneo hili si ngeni. Ngara imepakana na Rwanda kwa upande wa Rusumo na Burundi kwa upande wa Kabanga, na mwaka 1994 ilipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi waliovuka daraja la Rusumo. Katika miaka iliyofuata, silaha zilizozagaa kutokana na vita vya nchi jirani zilichochea ujambazi wa barabarani, kiasi kwamba magari ya abiria katika njia za Nyakanazi yalisafiri kwa misafara yenye askari. Biharamulo, kwa upande wake, inapakana na maeneo ya Wasukuma ambako sungusungu walishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo, kamera haikuingia mahali pasipokuwa na mlinzi. Ilikuta utaratibu wa yowe, doria na balozi wa nyumba kumi.

2.0 Umeme na Mawimbi

Miji ya Ngara na Biharamulo iliwahi kutegemea majenereta ya dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya Taifa. Leo umeme wa maporomoko ya Rusumo, mradi wa megawati 80 unaomilikiwa na Tanzania, Rwanda na Burundi, husafirishwa kupitia Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Hata hivyo, umeme hukatika, na mwizi anayeijua nyumba hana sababu ya kuchagua usiku wenye taa. Kamera inayozimika pamoja na taa haina msaada saa inapohitajika.

Hesabu yake si ngumu. Kamera ndogo ya nyumbani hutumia takribani wati 5, na ruta yenye laini ya simu takribani wati 10. Vifaa hivyo viwili vikiwaka saa 24 vitahitaji wati-saa 360. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi na tindikali haifai kutumiwa kupita nusu yake, hivyo zinabaki wati-saa 600, yaani saa 40 bila kuhesabu upotevu. Paneli ya sola ya wati 100 inaweza kurudisha kiasi hicho cha kila siku wakati wa kiangazi. Katika wiki za mvua haitoshi, na ni busara kuongeza paneli ya pili. Ikumbukwe pia kwamba ruta isiposhikizwa kwenye betri hiyohiyo, kamera itaendelea kurekodi gizani bila kumwarifu yeyote. Kosa hili ni rahisi kufanyika, kwa sababu ruta huchukuliwa kuwa kifaa cha intaneti na si sehemu ya ulinzi.

Kuhusu mawimbi, kamera nyingi za bei nafuu hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Mabati huyarudisha mawimbi hayo, kuta za matofali ya kuchoma huyapunguza, na migomba, ambayo shina na majani yake yamejaa maji, huyafyonza. Katika mji wa Kihangaza uliozungukwa na shamba la migomba, umbali wa mita 30 kutoka nyumba kubwa hadi zizini unaweza kushinda kifaa ambacho kasha lake linaahidi mita 100. Aidha, kipimo kilichochukuliwa shamba likiwa limepogolewa hakitadumu majani yakichipua. Inashauriwa kupima mawimbi pale kamera itakapokaa, kwa simu iliyounganishwa na ruta, kabla ya kutoboa ukuta.

Picha zenyewe zihifadhiwe kwenye kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera. Mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde ukitumwa mfululizo kwenye seva za mbali humaliza gigabaiti 10.8 kwa siku, mzigo ambao vifurushi vya kawaida vya simu haviubebi. Kadi ya gigabaiti 64 itatunza kumbukumbu hiyohiyo kwa siku zisizopungua tano, ilhali kipande cha sekunde 15 kinachotumwa kama arifa hakizidi megabaiti 2.

3.0 Saa ya Picha

Hapa ndipo mazingira ya mpakani yanapoleta tatizo lisiloelezwa katika kijitabu chochote cha maelekezo. Tanzania hufuata majira ya Afrika Mashariki; Rwanda na Burundi hufuata majira ya Afrika ya Kati, yaliyo nyuma kwa saa moja. Simu iliyoko karibu na Rusumo au Kabanga inaweza kunasa mnara wa upande wa pili na kubadilisha saa yake yenyewe. Kwa kuwa programu ya kamera aghalabu huchukua majira kutoka kwenye simu inayotumiwa kuisajili, kamera iliyosajiliwa katika dakika hizo itabaki na majira ya Kigali hata baada ya simu kurejea katika majira ya Dar es Salaam. Picha zote zitakuwa nyuma kwa saa moja, na hakuna kitakachoonekana kuharibika.

Juu ya tofauti hiyo huja nyingine, ya lugha. Tuchukulie kuwa picha imeandikwa 02:14. Kwa Kiswahili hiyo ni saa nane na dakika kumi na nne usiku. Msomaji asiye makini huitamka “saa mbili na dakika kumi na nne”, na kwa kuwa picha ni ya gizani, msikilizaji huelewa saa mbili usiku. Pengo hilo ni la saa sita. Saa mbili usiku mtuhumiwa anaweza kuwa mbele ya majirani wanaomfahamu. Saa nane usiku hana shahidi ila mkewe. Vilevile, kamera hubadilisha tarehe saa sita usiku, ilhali mapokeo ya Kiswahili huanza siku mpya jua linapotua. Shahidi anayesema “usiku wa Ijumaa” anaweza kuwa anataja usiku ambao wengine huuita wa kuamkia Ijumaa, na picha ikaonekana kumpinga mtu ambaye wanakubaliana naye kabisa.

Mambo hayo yana uzito wa kisheria. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, izingatie kuaminika kwa namna taarifa ilivyozalishwa na kuhifadhiwa, pamoja na namna ukamilifu wake ulivyotunzwa. Saa isiyo sahihi ni mlango wa kuutilia shaka ushahidi wa kweli; kinyume chake, na hili ni baya zaidi, yaweza kumtia hatiani asiyehusika.

Njia ya kujikinga ni fupi. Wakati wa kusajili kamera, simu izimwe uwezo wa kubadili saa yenyewe, na majira ya Dar es Salaam au Nairobi yachaguliwe kwa mkono. Baada ya hapo simu yenye saa sahihi ishikwe mbele ya lenzi na kurekodiwa, ili tofauti, ikiwapo, ionekane ndani ya picha yenyewe. Zoezi hili lirudiwe kila baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu. Tukio likitokea, kadi itolewe na kutunzwa kama ilivyo, kwani kipande kilichosambazwa kwa WhatsApp hubanwa na kupoteza ubora wake. Maelezo ya polisi nayo yaandike saa kwa namna zote mbili: saa 8:14 usiku, kamera ikionesha 02:14.

Tahadhari nyingine inahusu rangi. Usiku kamera huona kwa mwanga wa infraredi, na baadhi ya nguo nyeusi hung’aa zikaonekana za kijivu au nyeupe. Hivyo, rangi ya shati katika picha ya usiku isitumike kumtambua mtu.

4.0 Arifa na Yowe

Yowe husikika kwa wote kwa wakati mmoja, ilhali arifa hufika kwenye simu moja, na mara nyingi simu hiyo iko Mwanza au Dar es Salaam mikononi mwa mtoto aliyewanunulia wazazi kamera. Naye hana la kufanya ila kumpigia mtu aliye karibu. Ni vyema basi namba za majirani wawili na ya balozi ziwekwe mapema, na wao waelezwe kamera inaona wapi.

Maelezo hayo kwa jirani si adabu tu. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu, familia na maskani yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeipa faragha chombo cha kuisimamia. Nyumba za vijijini hazina uzio mrefu. Kamera iliyoelekezwa njiani hunasa pia bafu la majani la jirani, na anayechota maji alfajiri. Programu nyingi zina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa kivuli cheusi. Sehemu hiyo izibwe jirani akiwapo, aione kwenye kioo cha simu, na fundi akabidhi nywila mpya kwa mwenye nyumba kabla ya kuondoka.