Protini inayouzwa kwa mikrogramu

Anayefungua kichupa cha protini ya basijini kwa mara ya kwanza huenda akadhani ametapeliwa. Lebo inasema mikrogramu 100, lakini ndani haoni kitu, labda ukungu mwembamba tu uliogandamana na ukuta wa kichupa. Wazoefu hawahangaiki. Kichupa kinazungushwa kwanza kwenye sentrifuji ili unga ulioshikilia kifuniko ushuke chini, ndipo kinafunguliwa na kutiwa maji maalumu ya chumvi yaliyotakaswa. Kisha mchanganyiko unagawanywa mafungu madogo madogo ya kugandishwa. Ukiligandisha na kuliyeyusha fungu lile lile kila mara, protini inaharibika na fedha imekwenda.

Na fedha yenyewe si haba. Kwa wauzaji wakubwa, mikrogramu 100 za protini ya namna hii huuzwa kwa dola mia kadhaa za Marekani. Tuchukue dola 300: gramu moja ingegharimu dola milioni 3. Sonara yeyote angezimia. Ila hakuna anayenunua gramu.

Basijini, ambayo katika orodha za bidhaa huandikwa pia CD147, ni kipokezi kilichochomoza kwenye utando wa seli nyingi za binadamu, chembe nyekundu za damu zikiwemo. Mwaka 2011, timu ya Gavin Wright katika Taasisi ya Sanger, karibu na Cambridge nchini Uingereza, ilionyesha kwamba kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hukishika kipokezi hiki kwa protini yake iitwayo RH5 kabla ya kuingia ndani ya chembe nyekundu. Aina zote za kimelea walizozipima zilihitaji mlango huo huo. Tangu hapo RH5 imekuwa msingi wa chanjo inayotafutwa na Chuo Kikuu cha Oxford, na Bagamoyo ni mojawapo ya mahali ilipofanyiwa majaribio, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Mtafiti anayetaka kujua kama kingamwili fulani inaizuia RH5 isishike kipokezi lazima awe na basijini safi mezani.

Kuichuja basijini kutoka kwenye damu ni kazi ngumu kwa sababu imezama kwenye mafuta ya utando. Viwanda vinapita njia nyingine. Vinachukua kipande cha jeni kinachounda sehemu ya nje tu ya kipokezi, vinakiingiza kwenye seli za kukuzwa maabara, na seli zinaitema protini kwenye kimiminika zinamokulia. Seli zinazopendwa zaidi ni HEK293, zilizotengenezwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1973. Protini huongezewa mkia mdogo unaonasa kwenye nikeli, hivyo kimiminika kikipitishwa kwenye safu yenye nikeli, uchafu unapita na bidhaa inabaki.

Sasa bei inatoka wapi? Mfuatano wa jeni uko wazi kwenye hifadhidata za umma, bure. Seli zimejaa kwenye maabara za dunia. Kwa maoni yangu, mnunuzi analipia ithibati: kwamba protini imejikunja inavyotakiwa, inamshika mwenzake, na toleo la mwezi huu litafanya kazi sawa na la mwaka jana. Analipia pia rafu. Biashara hii inafanana na duka la spea la Kariakoo, ambako vitu vichache vinavyotoka kila siku ndivyo vinavyolipia maelfu ya vingine vinavyomsubiri mteja mmoja.

Kitu cha kutoka kila siku kinaweza kuibuka ghafla. Uviko-19 ulipoingia, kila maabara ilitaka ACE2, kipokezi ambacho virusi vya ugonjwa huo hukitumia kuingia kwenye seli. Mapato ya Sino Biological ya Beijing yaliruka kutoka chini ya yuani milioni 200 mwaka 2019 hadi karibu bilioni 1.6 mwaka 2020, kisha yakashuka wimbi lilipopita. Kampuni hiyo na jirani yake ACROBiosystems ziliingia soko la hisa la Shenzhen mwaka 2021. Wakati huo huo, wakubwa wa Marekani walikuwa wakimeza wadogo: Thermo Fisher ilinunua PeproTech mwaka 2021, na Danaher ikaichukua Abcam ya Uingereza mwaka 2023 kwa takriban dola bilioni 5.7.

Kwa mnunuzi wa Kilifi au Bagamoyo, bei ya katalogi ni mwanzo tu. Protini iliyogandishwa husafiri kwenye barafu kavu, yenye nyuzi 78 chini ya sifuri, na mashirika ya ndege huihesabu barafu hiyo kuwa shehena hatarishi. Tena barafu hiyo haingoji mtu: inageuka gesi kimya kimya huku karatasi za forodha zikitafutwa muhuri, na wikendi moja uwanja wa ndege inatosha kuharibu mzigo. Ndiyo maana, inapopatikana, ni heri kuagiza protini iliyokaushwa, ambayo kwa kawaida huvumilia safari bila barafu. Na maabara jirani zingefanya vyema kuagiza kwa pamoja, kwani gharama ya kusafirisha kichupa kimoja haitofautiani sana na ya kusafirisha kumi.

Vipi kuhusu kuzalisha hapa hapa? Addgene, shirika la Massachusetts lisilolenga faida, husambaza plasmidi, yaani viduara vya DNA vinavyobeba jeni ya kuingizwa kwenye seli, kwa bei iliyo chini sana ya kichupa kimoja cha protini, zikiwemo za protini za kimelea cha malaria kutoka maabara ya Wright. Lakini seli za binadamu zinadai umeme usiokatika, gesi ya kaboni dayoksaidi, chakula maalumu cha kuagizwa na mikono safi kila siku. Kuanza na basijini ni kuanzia juu ya ngazi. Mwenye mtaji mdogo angeanza na kimeng'enya cha Taq, kinachotumika kila siku kwenye vipimo vya PCR: hukuzwa kwa bakteria wa kawaida, hataza zake za msingi zimekwisha muda, na wateja wake tayari wapo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.