Mia sita na hamsini za homa ya usiku

Mtoto akichemka saa nne usiku hapa Migosi, Kisumu, jambo la kwanza kuamua ni mlango gani wa kubisha. Kuna kemisti wa kona ambaye hajafunga. Kuna kliniki ya kibinafsi yenye taa ya buluu. Kuna kituo cha serikali, ila foleni yake ni ya asubuhi. Na kuna "Russia", yaani Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi bado huiita hivyo kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Kila mlango una bei yake, na ile unayotajiwa dirishani mara nyingi ndiyo ndogo kuliko zote utakazolipa.

Mwaka jana nilibisha mlango wa karibu. Muuzaji alinisikiliza nusu dakika, akamgusa kijana wangu shingoni, akasema, "Hii ni malaria, mama, pengine na taifodi." Akafunga dawa za aina nne kwenye bahasha za kaki. Shilingi mia sita na hamsini. Siku ya tatu homa ilikuwa palepale. Kijana alipopimwa hatimaye, malaria hakuwa nayo. Tonsili ndizo zilizokuwa zimejaa usaha. Zile pesa zilikuwa zimekwenda, pamoja na nauli ya tuktuk na siku tatu za shule.

Wanunuzi wa namna yangu tumeshachunguzwa. Mwaka 2015 Jessica Cohen, Pascaline Dupas na Simone Schaner walichapisha jaribio walilolifanya magharibi mwa Kenya, katika maduka ya dawa kama haya yetu. Ruzuku kubwa ilipoishusha bei ya dawa mseto ya malaria, watu wengi zaidi waliipata, lakini karibu nusu ya dawa hizo zilimezwa na watu wasio na malaria.

Sasa tupige hesabu, kwa bei za kukisia. Tuseme kipimo ni mia mbili na dozi ni mia mbili. Familia ikipata homa kumi kwa mwaka na tatu kati yake ziwe malaria, kununua dawa kwa kubahatisha kutaigharimu 2,000. Kupima zote kumi na kutibu zile tatu kutaigharimu 2,600. Kwa mfuko wa leo, basi, anayebahatisha ameshinda, na ndiyo maana tunabahatisha. Hasara imejificha kwenye zile homa saba nyingine, ambazo zimepewa dawa isiyo yake na zitarudi tena kudai nauli, dawa ya pili na siku nyingine ya kazi. Kwangu mimi safari moja ya kurudia ilitosha kuifuta ile faida ya 600.

Mlango wa serikali huibadilisha hesabu hii kabisa. Malaria hupimwa na kutibiwa bure katika vituo vya umma, na huduma za msingi za daraja la 2 na la 3 chini ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, zinataka usajili tu. Mchango, ambao kima chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, unaanza kuulizwa unapopanda daraja la 4 kwenda juu. Kwa hiyo uliza kituo chako ni cha daraja gani kabla hujapanga foleni, na uliza kama vipimo vipo. Vikiwa vimekwisha, foleni ya bure inakuwa ghali kuliko kemisti.

Ukilipia kipimo cha haraka, simama ukione. Ni kikaseti cheupe cha plastiki. Kidole kinachomwa, tone la damu linaingia kwenye kitundu kimoja, matone ya maji yake kwenye kingine, halafu ni kungoja dakika 15 au 20 kadiri karatasi yake inavyosema. Mstari wa C lazima utokee. Usipotokea, kikaseti kimeharibika na hupaswi kukilipia. C na T zikitokea zote mbili, hiyo ni malaria. Anayekusomea majibu kwa dakika mbili anakuuzia haraka yake. Tena, kama mtoto alitibiwa malaria majuma mawili yaliyopita, kikaseti hiki kinaweza kuendelea kusema ndiyo wakati vimelea vimeshakufa. Hapo pesa yako ipeleke kwenye darubini.

Na lile pacha la malaria, taifodi? Kipimo cha Widal, kinachouzwa kwa wingi mitaani, husoma kingamwili, nazo zinaweza kuwa zimebaki kutoka ugonjwa wa zamani au zimeletwa na kijidudu kingine. Jibu moja la Widal halithibitishi taifodi. Mimi siilipii tena. Taifodi ikishukiwa kweli, nauliza ni wapi damu inaoteshwa maabarani.

Dawa ya malaria yenyewe, ile tunayoiita AL, ni dozi sita kwa siku tatu, na ya pili huja saa 8 baada ya ya kwanza. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa jumla. Imeze na chakula chenye mafuta, hata omena wa kukaanga, kwa sababu tumbo tupu halifyonzi dawa hiyo vizuri. Kubakiza vidonge sita kwa ajili ya "homa nyingine" ni kununua nusu ya tiba kwa bei kamili.

Upande wa neti nitakuwa mfupi. Kliniki ya wajawazito huitoa bure, ichukue. Cohen na Dupas walionyesha mwaka 2010, wakifuatilia kliniki za magharibi mwa Kenya, kwamba kutoza shilingi 40 tu kulipunguza wachukuaji kwa asilimia 60, na waliopewa bure hawakuzitumia kidogo kuliko walionunua. Neti ya duara ya sokoni inapendeza juu ya kitanda, lakini soma lebo: nyingi hazina dawa. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua yenye dawa mbili. Jaribio la Misungwi, ng'ambo ya ziwa upande wa Mwanza, lililochapishwa 2022, lilionyesha kwamba neti yenye chlorfenapyr pamoja na pyrethroid ilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, ikilinganishwa na ya pyrethroid peke yake.

Chanjo ni jambo la safari zaidi kuliko la pesa. Ile ya malaria, iliyozinduliwa Homa Bay Septemba 2019 baada ya kujaribiwa Siaya na Kombewa miongoni mwa vituo vingine vya Afrika, ni bure, ila ina dozi nne. Nauli ya mara nne, asubuhi nne za kufunga kibanda cha mboga. Tathmini ya Kenya, Ghana na Malawi ilikuta vifo vya watoto waliostahili kuchanjwa vimepungua kwa asilimia 13, na kwa faida hiyo mimi ninazilipa nauli nne bila kunung'unika.

Kwa binti, hesabu ya chanjo ya virusi vya HPV imekuwa nyepesi, na sehemu ya utafiti ulioirahisisha ilifanyika hapahapa mjini. Wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 kutoka Kisumu, Thika na Nairobi walishiriki utafiti wa KEN SHE, uliochapishwa 2022. Dozi moja ya chanjo ya HPV iliwakinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina ya 16 na ya 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Mwishoni mwa 2025 Kenya nayo ikahamia dozi moja. Kliniki ya kibinafsi ikimwandikia binti wa miaka 10 hadi 14 sindano mbili za kulipia, uliza kwa nini. Sababu inaweza kuwepo: anayeishi na virusi vya ukimwi huhitaji zaidi ya moja. Kama haipo, kituo cha umma kina ileile bure.

Kuna bei rahisi nyingine ya kuangaliwa kwa jicho kali: doksisaiklini baada ya kufanya ngono, eti izuie kisonono na klamidia. Ilijaribiwa Kisumu kwa wanawake 449 wa miaka 18 hadi 30 waliokuwa wakitumia PrEP, dawa ya kujikinga na virusi vya ukimwi, matokeo yakatoka 2023. Waliopewa dawa walipata maambukizi 50, wasiopewa 59, tofauti isiyotosha kusema chochote. Kisha watafiti wakapima nywele. Kati ya sampuli 200, 58 tu ndizo zilizokuwa na dalili ya dawa. Vidonge vilikuwa bure na bado vilibaki kwenye mkoba, na sababu zake mwanamke yeyote wa mtaa huu anaweza kukutajia bila kupimwa nywele: nani ataviona, atauliza nini, nitamjibu nini. Juu ya hayo, kisonono kilichopatikana kilikuwa sugu kwa dawa za jamii ya doksisaiklini. Mia yako ya kemisti iache mfukoni, ukapimwe.

Kesho zamu yangu ni ya kituo, pamoja na mtoto mdogo, kwa dozi yake ya tatu ya chanjo ya malaria. Kijitabu cha mama na mtoto kiko kwenye mkoba, pamoja na nauli ya tuktuk ya kwenda na kurudi.