Jiko Limetolewa, Sumu Bado Imo

Juni na Julai baridi ya Umatengo haina mzaha. Wakati watu wa Mbamba Bay wanapunga upepo wa Ziwa Nyasa, huku juu Litembo jiko la mkaa huingizwa chumbani na mlango ukafungwa. Mkaa umekolea, moshi hakuna, basi watu hulala bila wasiwasi. Kumbe mkaa unaowaka kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Wanaokufa tunawazika. Mimi nawafikiria waliozinduka, wakarudi kwenye kahawa yao kama kawaida. Baada ya wiki mbili au tatu, baadhi yao hubadilika: mtu anasahau majina ya wanawe, anaburuta miguu, anajikojolea, hasemi. Hapo ndipo jirani husingiziwa uchawi.

Korea Kusini, ambako nyumba zilipashwa joto kwa makaa ya mawe, daktari Choi alichapisha mwaka 1983 taarifa za wagonjwa 2,360 wa gesi hiyo. Kati yao 65 waliugua upya baada ya kupata nafuu, kwa wastani siku 22 baadaye.

Picha za MRI zimeonyesha kinachoendelea ndani. Mara nyingi sumu hujeruhi mapema viini viwili vilivyo katikati ya ubongo, vinavyosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Maradhi yanayochelewa hukaa zaidi kwingine, kwenye nyuzi za neva. Utando wa mafuta unaozifunika hubanduka, kama waya wa umeme uliochunika plastiki, na kwenye picha sehemu hizo hung'aa pande zote mbili za ubongo. Tiba ya uhakika haijapatikana, lakini katika wagonjwa wa Choi waliofuatiliwa, watatu kati ya wanne walipona ndani ya mwaka mmoja.

Tahadhari moja zaidi: kile kipimo cha kubana kidoleni hudanganyika. Huihesabu gesi hii kama oksijeni, kikaonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini.

Kwa hiyo jiko libaki nje. Na kama ndugu yako aliwahi kuzimia kwa mkaa, kisha mwezi mmoja baadaye akaanza kupoteza kumbukumbu, mpeleke hospitali na umtajie daktari lile jiko, hata asipouliza.